Ubeti Uliokatwa

Foleni ya wali na kunde pale Kokomlemle, mtaa wa Accra, ilikuwa imepinda kona mara mbili. Sefakor Agbodza alikuwa wa tatu kutoka kwenye sufuria wakati jamaa mmoja wa shati la batiki ya samawati alipojipenyeza mbele yake.

"Wee kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

"Samahani dada'angu, mimi nachukua yai tu."

"Hata sisi tulikuja kuchukua yai tu, tukajikuta tumepanga mstari."

Watu wakaangua kicheko. Mama muuzaji akagonga upawa. "Mkinigombania hapa mtaondoka na majani matupu!"

Jamaa akainua mikono, akarudi nyuma kabisa, mpaka mwisho wa Accra. Sefakor alimpenda kwa hilo, ingawa alijidai kutazama sufuria. Baadaye alikuja akasimama mbele ya benchi lake.

"Mwenye ulimi wa wembe, unaitwa nani?"

"Sefakor. Na wewe mwizi wa foleni?"

"Ebo."

"Aa, jina la aliyezaliwa Jumanne. Basi nusu nimekusamehe, bibi yangu naye wa Jumanne."

"Na nusu nyingine?"

"Inasubiri hilo yai."

Ebo Quansah akalimenya yai lake, akaliweka juu ya wali, kwenye jani alilolia Sefakor. Yakaanzia hapo.

Sefakor alikuwa na miaka ishirini na minane na kazi mbili. Mchana aliwasimamia wanamuziki wanne, akiwasomea mikataba na kuwajazia fomu za hakimiliki. Alfajiri aliandika safu ya gazeti kuhusu wanawake waliotunga nyimbo ambazo nchi nzima inazicheza na hakuna anayewajua. Hasira ya safu ile hakuibuni. Asiyekumbuka na akumbushwe: walikuja watu na mashine za kunasa sauti, wakawakalisha bibi zetu mbele ya pembe ya bati, wakaondoka na nyimbo, na juu ya santuri wakaandika "wimbo wa jadi". Jadi ya nani? Jadi haina kinywa. Kila wimbo ulitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa na jina.

Ebo alikuwa mtayarishaji wa muziki, fundi wa kweli, mwenye studio ya chumba kimoja na kiyoyozi kinachokohoa.

"Umekula, asali wangu?" angepiga simu mchana.

"Nimekula mikataba."

"Njoo nikulishe ugali wa banku. Na samaki nimekuchambulia miiba."

"Ebo, utaniharibu."

"Ndiyo nia yangu."

Mwezi wa saba wa mapenzi yao Sefakor alimpeleka Ebo kijijini Anyako, kwa bibi aliyemlea, Abla Dunyo, mtunzi wa nyimbo, miaka themanini na minne na meno matano. Bibi alimkagua Ebo kama anayenunua mbuzi, akacheka, kisha akaimba. Ulikuwa wimbo alioutunga siku alipomzika mama yake Sefakor. Ebo akaunasa wote kwa simu. Hakujua Kiewe, lugha ya kina Sefakor, na Sefakor alimtafsiria ubeti baada ya ubeti, mpaka akaanza kulia, na ule wa mwisho hakuutafsiri.

Na ule wa mwisho ndio wenyewe. Mtunzi wa kwetu hasaini kwa kalamu, husaini kwa mdomo: hujitaja ndani ya wimbo, mwishoni, ili popote utakapokwenda uende na mwenyewe. *Mimi Abla Dunyo nimesema: kifo, umekula mbegu, shamba umeniachia.*

"Wimbo gani huu!" Ebo alisema njiani wakirudi.

"Kwetu kila mwanamke anauimba," Sefakor akajibu kwa maringo. Maringo tu ya mjukuu. Angejua yangemgharimu nini, angeuma ulimi.

Ebo akaizungushia sauti ya bibi ngoma na gitaa, dakika tano nzima, na Sefakor aliposikiliza alilia juu ya shati lake. Bibi naye akakubali kwa simu wimbo utolewe: "Mpeni kijana. Nataka kulisikia jina langu redioni kabla sijafa."

Sefakor akaondoka siku kumi kumsindikiza msanii wake kwenye maonyesho Kumasi. Ndani ya siku hizo kampuni moja ya ng'ambo ikautaka wimbo wa Ebo: usizidi dakika tatu, na fomu ya mtunzi ifike Jumamosi.

Jumatano iliyofuata, saa kumi alasiri, ukapigwa redioni kwa mara ya kwanza. Bibi Abla alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri, akawaita majirani, akaiweka redio juu ya kigoda. Simu ya Sefakor ikalia.

"Sefa, redio yao imeharibika?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Imenikata kabla sijasema. Watu wamekaa tu wananitazama."

Sefakor aliuchezesha wimbo kwenye simu yake, akasikiliza mpaka mwisho. Akampigia Ebo.

"Ubeti wa mwisho uko wapi?"

"Mpenzi, walitaka dakika tatu. Nilikata palipokuwa rahisi, nilidhani bibi anataja majina ya watu tu."

"Na fomu? Mtunzi umemwandika nani?"

"Fomu waliitaka haraka, mpenzi…"

"Ebo."

"Niliandika 'wimbo wa jadi'. Sefa, wewe mwenyewe ulisema kila mwanamke anauimba!"

"Nilikuwa najisifu! Kuuimba ndiyo kuutunga? Ungenipigia simu moja tu. Kunichambulia miiba unaweza, kuniuliza jina la bibi yangu huwezi?"

"Sawa, nimekosa. Lakini tusidanganyane, roho yangu. Huko ng'ambo nani atauliza Abla ni nani?"

Sefakor akakaa chini palepale sakafuni. Maneno haya aliyajua. Alikuwa ameyaandika gazetini mara nyingi, yakiwa midomoni mwa watu waliokufa zamani. Hakutegemea kuyasikia kwenye sauti iliyomwita asali.

"Sahihisha fomu," alisema.

"Nikikiri kosa watavunja mkataba. Nimeusubiri miaka tisa. Nipe muda kidogo."

"Bibi ana miaka themanini na minne. Huo muda ataukopa wapi?"

Muda Ebo akauchukua. Wiki tano. Alilala vibaya na kukonda, na hiyo nayo tumhesabie. Wiki ya tano akasaini marekebisho, kampuni ikamtema, akautoa wimbo upya na beti zote. Alipiga simu mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu ikapokelewa.

"Nimesaini, Sefa! Jina lipo. Mwambie bibi afungue redio."

"Bibi alifariki wiki tatu zilizopita," Sefakor alisema. "Ndugu wa mbali ndio wamefika, tunamzika Jumamosi."

Alikuja. Kitambaa cheusi begani, chupa ya pombe kali ya rambirambi mkononi, na hati iliyosahihishwa kwenye bahasha. Sefakor, kichwa kimefungwa kitambaa chekundu na macho yamevimba, aliisoma hati mstari kwa mstari, kama anavyosoma mikataba.

"Umefanya vizuri," alisema.

"Nisamehe. Msiba ukiisha nitarudi na wajomba zangu, tupige hodi kwa wazee wako. Nataka kukuoa, Sefa."

Mkono wake ukawa ndani ya mkono wa Ebo, na hakuutoa. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kooni.

Uwanjani ngoma zikabadilika. Wasichana wa Anyako, thelathini hivi, wakaingia wakiuimba wimbo wa bibi, kwa sauti tamu na miguu mepesi. Wakafika pale wimbo ulipokatwa redioni. Wakapiga makofi, wakaanza kutawanyika wakicheka. Ngoma ikaendelea bila wao. Wazee sita, sauti zimekauka, ndio waliobaki kuimba jina, na vumbi na vishindo vikalimeza.

Ebo akainamisha kichwa.

"Umesikia?" Sefakor akauliza.

"Nimesikia."

"Nakupenda. Sikufichi, maana hata leo nilikuwa natazama njia. Lakini nikilala na wewe nitasikia pale wanapoishia, kila usiku."

"Nitawafundisha mimi. Nitarudi kila wiki…"

"Hodi hiyo usiipige, Ebo. Nenda."

Akautoa mkono wake polepole, kidole kwa kidole. Hakumtazama akiondoka. Alivuka uwanja mpaka kwa wasichana.

"Rudini. Haujaisha."

"Mbona redioni uliishia pale, dada?" mmoja akauliza.

Sefakor akamshika mkono aliyeuliza, akaanza kuimba. Sauti ikatoka imepasuka katikati, wakamfuatisha neno kwa neno:

"Mimi Abla Dunyo nimesema."