Magunia ya Korongoni

Jumamosi ile soko lilifurika, hapakuwa na pa kutia mguu. Mikono miwili ikashika furushi moja la magunia matupu, la mwisho dukani. Mmoja ulikuwa na kucha nyekundu, mwingine mpana uliojaa sugu.

"Kaka, mimi nimeyaona mwanzo."

"Kuona si kushika, dada. Na mrembo kama wewe, magunia ya nini?"

"Ya kuzolea taka ufukweni. Kasa wanameza mifuko ya plastiki wakidhani ni chakula, wanakufa."

Mwanamume akaachia furushi. "Chukua. Mimi naendesha lori la taka la mji."

Mwanamke alimkagua kutoka juu hadi chini: shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, marashi. "Muongo! Dereva gani wa taka ananukia hivi?"

"Zamu yangu inaanza mchana. Asubuhi naruhusiwa kunukia."

Mwanamke akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye alikuwa fundi cherehani, na majirani walimwita Mama Kasa ingawa hakuwa na mtoto. Kila Jumamosi aliongoza wenzake wachache kuokota plastiki ufukweni: muuguzi, wasusi wawili na mwalimu mstaafu. Kuokota waliweza, kilichowashinda ni usafiri wa kupeleka taka dampo. Dereva akamwomba msimamizi wake ruhusa, na tangu wiki hiyo lori likawa linapita kubeba.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jioni simu haikutoka sikioni.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umeoga?"

"Mara mbili! Sasa sabuni inanionea huruma."

Shangazi wa Mama Kasa, aliyemlea tangu utotoni, akasema kutoka chumba cha pili, "Mwambie huyo bwana aje nimwone. Sauti yake nimeshaichoka, nataka sura." Wakapanga chakula cha jioni, Jumamosi.

Jumapili, asubuhi baada ya chakula hicho, mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha, muuguzi alipiga simu akihema. "Njoo mlango wa mto. Kuna kasa amenaswa."

Alimkuta kasa jike, mkubwa kama meza, kamba ya nailoni imemkaza pezi hadi nyamani. Wakaikata kwa mkasi wake wa kushonea huku daktari wa mifugo akielekeza kwa simu. Kasa akatweta, akajikokota, akarudi majini. Mama Kasa alipogeuka, furaha ikamkauka. Mchanga ulijaa taka, na katikati yake magunia yaliyopasuka, midomo yake imefungwa kwa vitambaa vya kijani. Vitambaa vyake mwenyewe, mabaki ya sare alizoshona. Mto ule unapita korongoni, nyuma ya mji; huko ndiko ulikoyatoa.

Akampigia dereva. "Taka zetu unazipeleka wapi?"

"Dampo, mpenzi. Kwa nini?"

"Usiniite mpenzi! Nimezikuta baharini. Jana usiku umekaa mezani kwa shangazi yangu, unacheka, na taka zangu umezimwaga korongoni!"

"Nisikilize…"

Simu ikakatwa.

Dereva alikaa kitandani, kichwa mikononi. Jana, ili awahi chakula kile, alimwachia dereva mwenzake lori likiwa limejaa. Akamtafuta. Mwenzake hakuficha: barabara ya dampo iliharibika, akaona korongo ni njia ya mkato. "Hata msimamizi anajua. Wote tunafanya hivyo mvua zikinyesha."

Dereva akaenda kwa msimamizi hadi nyumbani. "Taka nilizokabidhiwa mimi zimemwagwa korongoni, na nyingine zimeshafika baharini. Naomba lori kesho nikazitoe zilizobaki."

"Achana nayo. Unataka kazi au unataka kasa?"

"Nataka vyote viwili, mzee. Ukininyima lori, nitazitoa kwa mgongo, na kila atakayeniuliza nitamwambia zilifikaje."

Msimamizi akamtupia ufunguo.

Mama Kasa alifika korongoni Jumatatu asubuhi kuzoa taka zilizobaki, amevaa buti na gauni kuukuu, amekaza uso. Alidhani atakuwa peke yake. Chini kabisa alimwona dereva amezama tope hadi kiunoni, gunia begani. Mwenzake alikuwa juu, akivuta kamba kwa aibu.

"Mama Kasa, mimi ndiye niliyemwaga," mwenzake akasema kabla hajaulizwa. "Huyu hakuwepo."

Mama Kasa akateremka hadi kwa dereva. "Mbona hukunitajia jina lake?"

"Lori lilikuwa langu. Nililiacha kwa sababu ya kukimbilia sahani."

"Na mimi nikakata simu kama nakata uzi." Sauti ikamlegea. "Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Nilitaka tu magunia yatoke kabla mvua nyingine haijayasomba." Akamfuta tope shavuni, akamwongezea jingine. "Nioe basi. Yaani… niruhusu nikuoe."

"Hapa? Unanuka hivi?"

"Leo zamu imeanza alfajiri."

Mama Kasa akacheka, machozi yakimtoka. Kisha akainama, akashika ncha ya pili ya gunia. "Shika huko. Hili likifika juu, nitakujibu."

Wakapanda, wakateleza, wakapanda tena. Gunia lilipotua juu ya lori, Mama Kasa alimshika dereva mkono mbele ya mwenzake.

"Ndiyo," akasema. "Sasa teremka, bado kuna mengi."