Kiganja Kwenye Boneti

Umewahi kung'arisha kitu kikakukatalia? Rafiki yangu, fundi wa rangi za magari, aliletewa kigari chenye mngurumo mkubwa kuliko akili ya mwenyewe, yaani mume wa dada yake.

"Niligonga mbuzi tu, shemeji."

Fundi akafunga gereji, akazima taa, maana mikwaruzo hujianika gizani, kwa tochi. Kwenye boneti palikuwa na alama ya kiganja. Akaipiga alama hiyo mashine ya kung'arisha, ikatoka. Alipoizima mashine, wote wawili wakasikia vidole vikiteleza juu ya rangi, kwiii, na kiganja kikarudi palepale.

"Huyo mbuzi wako alikuwa na vidole?"

Shemeji akacheka peke yake. Kwiii tena, safari hii kikiwa kiganja cha pili.

"Nilipokanyaga mafuta," akasema, "alikuwa bado ameishikilia boneti."