Pamba ya Mzee Josephat

Sokoni Mwanza kulikuwa na msongamano wa Jumamosi, na Teodora, gauni lake la maua ya manjano limelowa jasho mgongoni, alikuwa akinunua kwa mshona magodoro pamba ya kujaa kiganja. Kijana aliyebeba sanduku la spana na fungu la katani alisimama kumtazama.

"Godoro gani hilo, dada? La panya?"

"Naziba bomba la bwawa la kuogelea."

Kijana alicheka mpaka sanduku likamgonga goti. Ubavuni mwa sanduku liliandikwa jina, Mhoja, fundi bomba, na namba ya simu. Macho ya kijana yalikuwa mazuri kuliko adabu zake.

"Pamba huoza majini. Maungio hufungwa kwa katani na rangi. Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Basi baba yako mkulima, si fundi."

Teodora aliondoka bila kuaga. Ni kweli Mzee Josephat alilima pamba kabla ya kuajiriwa kutunza bwawa la hoteli, kule ufukoni njia ya Butimba. Sasa alikuwa kaburini tangu masika, na bwawa alilitunza Teodora. Lakini kila siku saa kumi jioni bomba la bwawa lilijigonga. Ngo, ngo, ngo. Hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akigonga kwa spana kutoka kibanda cha pampu, kumwambia binti yake afunge koki. Teodora hakumwambia mtu. Aliendelea kuifunga.

Maji yalizidi kupungua. Zilibaki wiki mbili Uhuru wa Tanganyika uingie, na mwenye hoteli alisema bwawa lisipojaa kabla ya sherehe, ataleta watu wang'oe mabomba yote. Teodora aliziba kwa pamba mara tatu, na mara tatu likavuja. Mwisho akameza kiburi, akaenda kwenye simu ya hoteli, akapiga ile namba ya sandukuni.

"Hallo. Ni yule wa godoro la panya."

Mhoja aliitambua sauti. "Wiki nzima naisubiri simu hii, kama msafiri wa pantoni ya kuvuka ziwa pale Kigongo. Nilikukosea adabu, dada."

"Ulinikosea. Njoo na katani."

Walifanya kazi siku nne, wakitaniana kutoka ungio moja hadi jingine. Siku ya nne, saa kumi, bomba likagonga. Mhoja akainua kichwa.

"Hewa hiyo. Inaingia kwenye ungio linalovuja, maji yanaisukuma. Tukiziba hili la mwisho, itakoma."

"Basi usilizibe," Teodora alisema, machozi yakamtoka, na akamweleza yote. Mhoja hakucheka.

"Ukiniambia niache, nitaacha. Lakini watu wa mwenye hoteli watang'oa hata maungio baba yako aliyoyafunga vizuri. Nimeyaona, ni mengi."

Teodora alimtazama sana. Kisha akamnyang'anya spana na katani, akalifunga ungio la mwisho kwa mkono wake.

Kesho yake bwawa lilijaa pomoni. Saa kumi ikafika, bomba kimya. Teodora alisimama penye koki, akahisi amemzika baba yake mara ya pili, safari hii peke yake.

Mhoja alimkuta pale pale. Hakuwa na sanduku. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama.

"Nataka kuleta posa, Teodora. Kwenu nimwone nani?"

"Baba hayupo." Akamnyooshea spana ya mzee. "Mgongee."

Mhoja alidhani ni utani, lakini alipoona uso wake aliichukua. Akagonga bomba mara tatu, taratibu, kama anayebisha hodi ukweni. Pampu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Maji ya bwawa yalitulia tuli, na hata ndege wa ziwani walikuwa wamenyamaza, bomba lilipojibu.

Ngo, ngo, ngo.

Mhoja alipiga magoti, akapapasa ungio la mwisho. Lilikuwa kavu. Akatega sikio kwenye bomba, asisikie maji yakitembea.

"Humo hamna hewa," alisema polepole.

"Najua. Nimeziba mwenyewe."

Teodora akaifunga koki kama alivyofundishwa. Kisha akaushika mkono wa Mhoja.

"Amesema ulete."