Breki Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, Sajini Mirriam Kombe alipiga goti kwenye kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule moja ya msingi huko Tudor. Mwanakuu, mpishi wa uji wa shule hiyo, aliyegongwa hapo, alikuwa ameshakimbizwa hospitali. Palibaki damu, kiatu kimoja cha plastiki, na kioo cha pembeni cha gari, cha upande wa kushoto, kimeng'oka pamoja na kifuniko chake cheupe. Vipande vya kioo vilitapakaa hadi mtaroni.

Mirriam alirudi nyuma hatua thelathini akiitazama lami, kisha akavuka kivuko na kwenda mbele thelathini nyingine. Hapakuwa na alama hata moja ya tairi lililofungwa breki. Miaka kumi na minne ya kazi ya trafiki ilikuwa imemfundisha maana ya lami safi namna ile: dereva hakugusa breki.

Nyuma yake zogo lilizidi. Wanaume sita walikuwa wamemkaba dereva wa tuktuk nyekundu, shati limechanika, mdomo wamvuja damu.

"Huyu ndiye, afande! Taa yake ya mbele imevunjika!"

"Mwachieni," Mirriam alisema. Hawakumwachia. Akapaaza sauti: "Nimesema mwachieni! Mwataka mtu wa pili akimbizwe hospitali asubuhi hii?"

Wakamwachia. Mirriam akamgeukia Mejumaa, bibi aliyeuza mbaazi na mahamri hatua chache kutoka pale, ambaye ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza.

"Bibi, uliona nini?"

"Nlikuwa napakua mbaazi, mwanangu. Nlisikia kishindo. Kuinua kichwa, naona tuktuk nyekundu yaenda mbio, yapiga honi."

"Kishindo chenyewe, uliona kilichokileta?"

"La. Sikuona."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kengele ya shule ilikuwa haijalia. Hulia saa moja na dakika kumi, na ililia pale pale tulipomfikia Mwanakuu."

Mirriam alipitisha kidole kwenye taa iliyovunjika ya tuktuk. Kingo zake zilikuwa zimeshika vumbi na kutu. Ilivunjika siku nyingi zilizopita. Tena kioo kile cha pembeni kilikuwa cha gari.

"Jina lako?"

"Sheikhan, afande. Wallahi mimi nilikuwa nalifukuza! Gari dogo jeupe. Lilimpiga yule mama, na taa zake za breki hazikuwaka hata kidogo. Nikalifuata hadi Makadara, likanipotea. Niliporudi kumsaidia mama wa watu, wakanivamia."

"Namba uliiona?"

"Sikuiwahi. Lakini nyuma lina kibao cheupe chenye herufi L nyekundu."

Gari la mwanagenzi. Mirriam akafunga daftari.

Shule za udereva kisiwani alizipitia moja baada ya nyingine. Saa nne na nusu, akiwa njiani kuelekea ya tatu, Raihana, bintiye Mwanakuu, alimpigia simu kutoka hospitali. Hakuweza kusema zaidi ya maneno mawili: "Ameshafariki, afande." Mirriam alimpa pole, akakata, akaliwasha gari tena.

Saa tano kasoro robo alifika Ndia Kuu. Katika kichochoro kando ya duka la vinyago palikuwa na gari dogo jeupe, limefunikwa turubai. Akaliinua upande wa kushoto. Kioo cha pembeni hakikuwapo.

Ofisi ya shule ilikuwa juu ya duka hilo. Mwalimu Hussam, mwenye shule, mwanamume mrefu wa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alisimama kumpokea kana kwamba alikuwa akimngoja.

"Asalaam aleikum, afande. Nilikuwa nataka kuja kituoni mwenyewe. Ni ajali mbaya. Huyu mwanafunzi wangu ndiye aliyekuwa akiendesha."

Pembeni aliketi msichana mdogo wa mwili, macho yamevimba kwa kulia, plasta kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto.

"Waitwa nani?"

"Stacy. Ni mimi, afande. Nilichanganyikiwa."

Aliyasema kama somo alilokaririshwa. Mirriam akavuta kiti.

"Nipe simu yako, Stacy. Fungua nione ulichofanya nayo asubuhi." Akaisoma, kisha akainua macho. "Mwalimu Hussam, wewe ulikuwa wapi?"

"Kiti cha kushoto, cha mwalimu. Nilipiga kelele, 'Breki! Breki!' Hakunisikia."

"Macho yako yalikuwa mbele?"

"Mbele kabisa."

"Gari la mafunzo lina breki mbili. Ya pili iko chini ya mguu wa mwalimu. Mbona hukuikanyaga?"

"Ilitokea ghafla."

"Ulipata nafasi ya kupiga kelele mara mbili, ukakosa nafasi ya kushusha mguu?"

Mirriam akamgeuzia Hussam simu ya Stacy. Ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa shule ile.

"Ujumbe huu umetoka kwenye namba yako, saa moja na dakika tisa. 'Somo la leo: ukikaribia kivuko cha waenda kwa miguu, punguza mw.' Umekatikia hapo. Mbona hukumaliza, mwalimu?"

Chini ya ujumbe ule wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamejibu: Asante mwalimu.

"Sawa," Hussam alisema kwa sauti ndogo. "Niliandika. Lakini usukani ulikuwa wake."

"Stacy, hiyo plasta ni ya nini?"

Msichana akakitazama kiwiko chake. "Kioo kilinikata. Nilikuwa nimeweka mkono dirishani."

"Kioo cha pembeni kilichovunjika," Mirriam alisema, "ni cha kushoto. Dereva hukaa kulia. Usukani ulikuwa wa nani?"

Stacy alilipuka kwa kilio. "Wake! Alinichukua nyumbani anipeleke uwanjani kwa mazoezi. Aliandika njia nzima! Nilimwambia, 'Mwalimu, kuna mtu,' akasema, 'Ngoja.' Halafu akaniambia mwanagenzi hafungwi, yeye ndiye atakayepoteza leseni. Akasema nikikataa sitaona mtihani!"

"Ni sekunde mbili tu," Hussam alisema. "Miaka ishirini nafundisha, afande. Nimefundisha nusu ya mji huu."

Mirriam alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Na huyu je, uliyetaka aingie gerezani badala yako? Na yule kijana wa tuktuk aliyekaribia kuuawa kwa ajili yako? Uliona mtu chini, ukaongeza mwendo! Nyoosha mikono."

Alimfunga pingu mwenyewe, akamshusha ngazi mbele ya watu wote wa Ndia Kuu.

Alasiri, baada ya maziko, alimkuta Raihana kibarazani kwao, kanga ya msiba kichwani. Akamweleza yote bila kupunguza neno. Raihana alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa akiandika nini?"

Mirriam akamwambia.

Raihana hakulia. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Basi siku ya kesi mumsimamishe," alisema. "Ausome ujumbe huo yeye mwenyewe. Kwa sauti. Hadi pale ulipokatikia."