Wa Taarifa

Asubuhi ya hiyo Jumamosi nilikuwa nje ya nyumba yetu Riruta nikisugua kola ya shati ya shule. Dadangu Rael akaniambia niache nguo kwa karai, twende town nimshikie simu akiongea. Kila Jumamosi watu hukutana kwa bustani moja hapo katikati, mtu yeyote anasimama anasema yenye iko kwa roho. Ukisikia amekosea, unainua mkono, unasema "Taarifa, Spika," kama bunge, unamrekebisha.

Rael, na ile dress yake ya manjano, aliwaka kuhusu karo mpaka kijana mmoja mrefu, Mhindi wa shati ya kitani, akainua mkono.

"Taarifa, Spika. Dada amesema wanafunzi milioni mia hawana karo. Kenya nzima hatufiki hivyo."

Watu wakacheka. Baadaye Rael akamfuata.

"Wewe ni nani?"

"Shamir. Wa Mountain View."

"Umenivunjia heshima mbele ya watu, Shamir wa Mountain View."

"Basi nikununulie smokie ya kachumbari, nirudishe heshima."

"Na ya sister yangu."

Jioni akapiga simu. "Umefika, Milioni Mia?"

"Usiniite hivyo."

"Sawa, Milioni."

Rael akajifunika uso na mto, akicheka. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki.

Lakini kulikuwa na zile simu. Shamir akipigiwa hapo bustani, anaenda nyuma ya ua wa miti, anaongea Kihindi pole pole.

"Ni nani, babe?"

"Kazi tu." Anaangalia viatu.

Rael aliona hivyo viatu vikiangaliwa.

Halafu Ochola, mwenye alikuwa ameongea vikali hapo bustani kuhusu polisi, akachukuliwa kwa gate yao Waithaka na watu wa gari haina namba. Jumamosi iliyofuata hakuna mtu alikaa karibu na mwenzake. Rael akamwendea Peres, mama wa chai.

"Unamjua huyu Shamir vizuri?"

"Shamir si ni ule wa taarifa. Kila mtu anajua."

Rael akarudisha kikombe kikiwa kimejaa, akafikiria zile simu.

Shamir akakuja na njugu zake. Rael akasimama.

"Spika, nauliza huyu mbele ya watu. Ochola umemuuza kwa nani?"

"Rael. Unasema nini?"

"Hizo simu ni za nani?"

Akaangalia viatu. Mtu akamrushia chupa ya maji. Mwingine akasema, "Toka, informer." Shamir akaweka njugu kwa benchi, akaenda bila kukimbia.

Peres akafika na thermos. "Mbona mmefukuza mtoto wa watu?"

"Si ulisema ni wa taarifa? Na zile simu za kujificha?"

"Wa kuinua mkono, Rael. Wa kurekebisha watu. Na hizo simu ni mamake, anadhani ako class ya CPA ya uhasibu. Mimi hukaa hapo nyuma ya ua. Ni mummy, class, mummy, class."

Simu ya Shamir ikawa mteja hapatikani. Ochola pia, mpaka leo hatujui ako wapi.

Jumapili tukitoka kanisa Rael akaandika, akafuta, akaandika: "Shamir, nilikuogopa badala nikuulize. Wacha nikuje Mountain View nisalimie mamako, nimwambie mwenyewe huwa unakuwa wapi, na mimi ni nani. Niambie tu gate ni gani."

Tiki mbili. Zikakuwa blue. Ikaonyesha anaandika, ikaacha.

"Pengine ako na wageni," nikasema.

Mpaka usiku Rael hakuvua nguo ya kanisa, akingoja aambiwe gate.