Majina Kenda ku Nyumba ya Nyamukau

Weye, umeshaita jina ya mutu mu nyumba yenye hakuna mutu, nyumba ikakuitika?

Ephraïm hakuaminiaka mambo hayo. Licence ya chuo kikuu mu bâtiment, kujenga manyumba, miaka sita ya chômage bila kazi, mudomo mukali kama wembe. Bureau moja ya serikali ikamupatia kazi ya siku moja: aende ku nyumba ya zamani ya Wazungu Babeleji, pembeni ya muto Nyamukau, aandike iko vide, haina mutu. Kesho mashini ivunje.

Matofali mekundu, barza ya nguzo ine, mavi ya popo mpaka ku magoti. Akatukana serikali kwa Kifaransa, akapanda barza. Jua lilikuwa linazama.

Vide? Ku barza Mama Léontine, mwenye alikimbia vita ya Djugu, alikuwa anapika sombe ya majani ya muhogo na binti yake Gentille.

"Papa, ukiandika vide, tutalala wapi? Mu muto?"

"Lete liste yenu, mama. Nitaandika batu wote."

Karatasi ya kambi ya wakimbizi, majina kenda. Ephraïm akasimama mu mulango wa salon, akaita majina kama ku kambi.

"Léontine!"

"Présente, niko," mama akajibu hapo ku moto.

"Gentille!"

"Présente!" Mutoto akacheka.

"Delphin!"

"Présent." Mu chumba ya nyuma.

"Arlette!"

"Présente." Nyuma ya ukuta.

"Camille!"

Sauti ndogo sana, kama mudomo umejaa udongo.

"Présent."

Akaita mpaka mwisho. Wote wakajibu.

"Muko kenda. Batoke niwaone."

Mwiko wa Mama Léontine ulikuwa umesimama mu hewa.

"Papa... batu banasomaka majina mbili tu ya kwanza, wanaacha. Ile liste iliandikwa mbele vita itufuate ku kambi. Hatukukata majina ya bale walikufa, ili chakula ya musaada isipunguke. Siye tunabaki wawili."

Harufu ya majani ya kuungua, kama nyumba zenye vita ilichoma, ikatoka ndani...

Ephraïm akawasha torche ya telefone. Chumba haikukuwa na paa. Majani marefu, yamelala mu fasi saba.

Fasi saba, kama batu walikuwa wamelala, wameamuka sasa hivi.

Yeye akakimbia mpaka chini ya barza. Mama hakukimbia. Alipakua sombe, akaingia mu giza na sahani.

"Camille? Kuya ukule, mwana wangu." Kisha akageuka: "Waambie ku bureau, papa. Siye hatutoki tena."

Ephraïm akaandika kenda. Bureau ikacheka: "Weka vide, intellectuel."

Hapana! Wakubwa wa bureau, miye mwenye kusimulia ninawaambia: vide muiandike na mukono yenu. Mukuye magaribi, jua likizama, musome liste mpaka jina ya kenda. Na bale saba benye watawajibu, muwaambie uso kwa uso: kesho munawapeleka wapi?