Mkono wa Mwatima

Jua lilikuwa linazama nilipofika Kikwajuni kumvisha Bwana Mkadam mkono wa kitambaa.

Ndiyo kazi yangu. Mkono wenyewe ni kama soksi ndefu, unavaliwa kutoka begani mpaka vidoleni, na umeshonewa mirija ndani. Pampu ikitia hewa, mkono uliopooza unanyanyuka. Mgonjwa anashika kikombe, anakunywa chai yake.

Huu ulikuwa wa mkewe, Mwatima. Mkadam alimpiga mchi wa begani, mkono ukafa. Halafu Mwatima mwenyewe akafa. Kateleza chooni, Mkadam alisema. Mwaka haujesha, kiharusi kikampiga yeye, upande ule ule wa kulia.

Aliyeniletea mkono ule ni Bi Radhiya, dada wa marehemu.

"Nshaufua, Shahida," alisema. "Kamvishe."

Ulinukia karafuu maiti.

Nikamvisha. Nikawasha pampu. Fsss... Mkono ukanyanyuka, ukamgusa shavu. Mkadam akacheka kwa furaha.

Kisha vidole vikaanza kumpapasa. Polepole, kama mama anavyombembeleza mtoto.

"Basi, mwanangu. Ushushe."

"Sijagusa kitu, Bwana Mkadam."

Vidole vikashuka. Kidevuni... kooni...

Vikabana.

Nikazima pampu. Fsss... Nikachomoa betri, nikaitupa kitandani.

Fsss...

Macho yalimtoka. Nilivuta vile vidole kwa mikono yangu miwili, havikutikisika. Vilikuwa vya baridi, na vinachuruzika maji.

"Mwatima..." Sauti yake ilikuwa mnong'ono tu. "Nisamehe. Ni mimi. Nilikusukuma."

Vidole vikalegea.

Nikachukua mkasi, nikakichana kile kitambaa chote, nikakitupa chini. Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Mkono mtupu ukanyanyuka.

Hauna pampu. Hauna mirija. Ukarudi kooni.

Nilipiga kelele mpaka ndugu yake, Amour, akaja na majirani wawili. Watatu wale ndio waliouweza.

Kesho yake nilikwenda Bububu kwa Bi Radhiya. Nilimkuta barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Radhiya."

"Marahaba."

"Ule mkono uliufua kwa maji gani?"

Hakuninyanyulia uso.

"Aliyokoshewa maiti ya Mwatima. Niliyaweka."

Ungo ulikuwa unakwenda juu, chini.

"Lakini maji hayanyanyui mkono, mwanangu," alisema. "Mimi nilimfungulia mlango tu. Kama kaingia, huo ni ugomvi wake na mumewe."

Mkadam yu hai. Siku hizi hasemi, na mwili wake wote umekufa, isipokuwa ule mkono. Amour anaufunga kamba kitandani kila jioni. Kila asubuhi anaikuta kamba imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni.

Nilimuuliza Amour kwa nini haujamuua mpaka leo.

Alitazama mlango wa chumba kwanza, ndipo akaninong'oneza.

"Hautaki afe. Unamkaba mpaka roho inataka kutoka. Kisha unamwachia... unangoja apate pumzi."